Hiti kyua, koldi kyua, maikrowevu au mwanga: pleti ya meno upike kwa njia ipi?

Kama unafungua maabara ya meno, au una kliniki na kazi unatuma kwa fundi halafu hujui umwambie apike kwa njia gani, soma hii. Na hata kama we ni ndugu wa mgonjwa tu, mnasubiri seti ya juu ya bi mkubwa na mmeambiwa huku wiki nzima, kule kesho asubuhi, soma pia, utaelewa kwa nini muda na bei vinapishana hivyo wakati pleti zote (ile sehemu inayobeba meno ya bandia) ni pinki na ukiziweka mezani zinafanana.

Malighafi kwa njia karibu zote ni ile ile. Kuna poda, ambayo ni punje ndogo ndogo za akriliki iliyoshaiva kiwandani (ndo hiyo PMMA) pamoja na rangi, vinyuzi vyekundu vya kuigiza mishipa ya ufizi, na benzoili peroksaidi kidogo. Kuna na maji yake, ambayo ni monoma, lile linalonuka kali ukifungua chupa. Peroksaidi ikivunjika ndo inawasha kazi, monoma inaanza kushikana minyororo na punje za poda mpaka donge linakuwa gumu. Sasa hizi njia zinatofautiana kwenye nani anaivunja hiyo peroksaidi: maji ya moto (hiti kyua), kemikali bila moto (koldi kyua), au mawimbi ya maikrowevu. Ya mwanga ina resini yake tofauti kabisa, tutaifikia. Akriliki imeingia midomoni mwa watu miaka ya 1930, ikaiondoa vulkanaiti, ule mpira mgumu wa zamani, na tangu hapo mafundi wanabishana namna ya kuipika.

Ubishi wenyewe ukiuchimba unarudi hapa: joto linalomaliza monoma ndo hilo hilo linalokunja pleti. Ukipika kwa moto na kwa muda, monoma inaisha na pleti inakuwa imara, ila ikipoa inasinyaa na kujivuta. Ukipika bila moto inakaa vizuri kwenye modeli (ile nakala ya plasta ya mdomo wa mgonjwa) ila monoma kibao inabaki ndani. Kila njia hapa chini ni namna fulani ya kupatanisha hayo mawili, kwa hiyo usisikilize mtu anayekwambia njia yake haina ubaya.

VIGEZO KWANZA

Cha kwanza ni monoma iliyobaki. Hii nimeiweka juu kwa makusudi maana inagusa vingine vyote: ikibaki nyingi inawasha ufizi na shavu kwa wengine, inalainisha pleti, inapunguza nguvu, na baadaye inatoka kidogo kidogo kwenye mate. Kiwango cha kimataifa, ISO 20795-1, kinaruhusu isizidi asilimia 2.2 kwa akriliki za kupikwa kwa moto, maikrowevu na mwanga, na asilimia 4.5 kwa koldi kyua. Yaani hata walioandika kiwango wamekubali kwamba koldi kyua haiwezi kufika kule.

Cha pili nguvu. Pleti ya juu mara nyingi inapasukia katikati, pale mbele kwenye meno mawili makubwa, na si lazima idondoke, inapinda kidogo kidogo kila mtu anapotafuna mpaka siku moja inaachia. Kiwango hicho hicho kinataka ihimili angalau megapaskali 65 kabla ya kuvunjika ikipindwa, na 60 kwa koldi kyua.

Cha tatu ukaaji, yaani inavyolala kwenye kaakaa na ufizi. Ukitaka kujua pleti imejikunja kiasi gani, irudishe kwenye modeli, ishike usawa wa macho halafu angalia kwa nyuma pale kaakaa linapoishia, katikati, utaona kauwazi chembamba ka mwanga. Kauwazi hako ndo mahali hewa inapopita na pleti ya juu inaacha kunyonya. Pembeni kwenye ufizi unaweza usione kitu kabisa.

Cha nne matundu na rangi. Matundu yanadhoofisha pleti na yanaficha fangasi na uchafu ambao brashi haifiki. Cha tano ni muda, vifaa na hela, na kwa mazingira yetu hapo ongeza umeme.

HITI KYUA YA MAJI YA MOTO

Hii ndo ya siku zote. Flaski ya shaba (kopo la chuma la kushikilia umbo), plasta, ile nta ya umbo la pleti inachemshwa na kutolewa, unapaka saparita ya alginati ili akriliki isigandie plasta, unachanganya poda tatu kwa maji moja kwa ujazo, unafunika unasubiri. Kusubiri huku watu wengi wanakuchukulia poa. Mwanzo mchanganyiko ni kama mchanga mbichi, kisha unavutika nyuzi ukigusa na spatula, halafu unafika donge, unaachia ukuta wa kikombe na haushiki kidoleni. Hapo ndo unapakia. Ukiwahi unapata matundu, ukichelewa linakuwa raba, halijazi kingo na linasukuma meno yahame. Hiyo tatu kwa moja ina sababu: monoma peke yake ikiiva inasinyaa kama asilimia 21 ya ujazo, ukiichanganya hivyo inashuka hadi karibu asilimia 7. Kwa hiyo fundi anayeongeza maji ili donge liwe laini anaongeza kusinyaa kwa mikono yake.

Monoma: hapa hii njia inang'ara. Ukipika vizuri inabaki takriban asilimia 0.2 mpaka 0.5. Ila ni ukipika vizuri. Mapishi yanayojulikana ni mawili, la muda mrefu nyuzi 74 kwa saa 8 au zaidi, na la muda mfupi nyuzi 74 kwa saa 2 halafu chemsha saa 1. Lile la saa 8 unaweza kumalizia na chemsha ya saa 1 pia na mimi napendelea hivyo, maana hiyo chemsha ya mwisho ndo inafagia monoma iliyojificha kwenye sehemu nyembamba ambazo hazikupata joto lake zenyewe.

Na hapa kuna kitu vitabu vingi havigusii kwa sababu havikuandikwa kwa watu wa milimani. Dar, Mombasa au Zanzibar maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, mita karibu 1,800 juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, Arusha kama 95. Fundi anaona mapovu yanaruka anajua kafika 100, kumbe hajafika na hawezi kufika kwenye sufuria ya wazi. Sio janga, ila kama uko juu usifupishe ile saa ya mwisho, afadhali uirefushe, na weka kipimajoto ndani ya maji, usiamini mapovu.

Nguvu: nzuri, na meno ya akriliki yanashikana na pleti vizuri kuliko kwa koldi kyua, mradi nta imetoka yote.

Ukaaji: hapa ndo inalipa gharama ya moto. Pleti inaganda ikiwa ya moto, halafu ikipoa inasinyaa zaidi ya plasta inayoizunguka, mivutano inabaki ndani. Ukiitoa kwenye flaski inaachia na kujivuta. Dawa ni kupoza taratibu, flaski ipoe mezani kwa nusu saa, halafu maji baridi robo saa ndo ufungue. Au iache ipoe kwenye maji yake usiku. Ukiitoa inachemka ukaitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi kwa haraka ya mteja, umeikunja mwenyewe. Baadaye ikikaa mdomoni inanyonya maji na kuvimba kidogo, hiyo inarudisha sehemu ya kilichosinyaa ila sio yote.

Matundu: monoma inachemka kwenye nyuzi 100.8 na donge likianza kuiva linatoa joto lake lenyewe. Sasa ukiweka flaski moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, ndani ya sehemu nene joto linapita hapo kwa mbali, monoma inageuka gesi na haina pa kutokea. Ndo maana unaona pleti ya chini, ambayo nyuma ni nene, ina vitundu vya mviringo ndani kabisa wakati nje inang'aa, na sehemu nyembamba hazina kitu. Hakuna kitu cha ajabu hapo, ni haraka tu. Rangi inadumu miaka.

Muda na vifaa: siku nzima au usiku, flaski za chuma za kudumu, na jiko. Hata gesi inafaa kama una kipimajoto na uvumilivu. Tatizo ni umeme, ukikatika saa ya tatu kati ya nane, au LUKU ikaisha usiku, hujui tena umepika nini. Ikitokea usifungue, rudisha joto taratibu na urefushe.

KOLDI KYUA

Hapa kwenye maji wameongeza kemikali ya jamii ya amini ambayo inavunja peroksaidi bila moto. Unamimina au unapakia, unaweka kwenye sufuria ya presha ya maabara, maji ya vuguvugu nyuzi 40 hadi 45, presha kama bar 2, baada ya dakika 15 mpaka 30 kulingana na mtengenezaji umemaliza.

Monoma: ndo udhaifu wake, inaweza kubaki asilimia 3 hadi 5. Inapungua siku zinazofuata, na ukiiloweka kwenye maji ya nyuzi 50 kwa saa moja kabla ya kumpa mgonjwa unapunguza kwa kiasi kinachoonekana. Hili ni jambo rahisi sana na halina gharama na inaniuma kuona halifanywi.

Nguvu: pungufu, monoma iliyobaki inaifanya iwe laini zaidi na chini ya mzigo wa kila siku inalegea taratibu. Meno yanashika vibaya zaidi, ndo zile kesi za jino la mbele kung'oka na shimo lake likabaki safi kabisa.

Ukaaji: hapa inaishinda hiti kyua mwanzoni. Haikupashwa moto sana, kwa hiyo hakuna kusinyaa kwa kupoa. Ukiirudisha kwenye modeli ule uwazi wa nyuma ni mdogo. Ila kwa sababu inalegea na muda, usihesabu ushindi wa siku ya kwanza kama ushindi wa mwaka wa tatu.

Matundu na rangi: bila presha inatoka na vipovu vya hewa, na presha inavibana visionekane. Rangi, ile amini inaoza kwa hewa na pleti inaelekea njano au kahawia.

Muda na vifaa: hakuna inayoikaribia kwa wepesi na bei. Na kwa ripea ndo yenyewe. Pleti ya zamani iliyopasuka ukiirudisha kwenye maji ya moto ile mivutano yake ya siku ya kwanza inaachia, inakunjwa upya, umerekebisha ufa umeharibu ukaaji. Ripea kwa koldi kyua: achanisha ufa upate kama milimita 3, kingo zilaze ziwe za mviringo, loanisha kwa monoma kwa dakika 3 nzima kabla ya kuweka donge. Hizo dakika 3 ndo zinafanya akriliki mpya ishikane na ya zamani.

MAIKROWEVU

Watu wanadhani hii ni ujanja ujanja wa nyumbani, hapana, Wajapani waliianza miaka ya 1960 na imepimwa sana. Mawimbi yanatikisa molekuli za monoma na joto linazaliwa ndani ya donge lenyewe, halisubiri kupenya kutoka kwenye maji, flaski na plasta.

Monoma: ukifuata maelekezo, inabaki kidogo, karibu na hiti kyua ya kawaida. Nguvu nayo iko jirani, kwa kweli hapa hakuna ugomvi mkubwa. Ukaaji pia mzuri maana joto linaenea kwa usawa zaidi, lakini kupoza taratibu bado ni lazima, usidhani dakika tatu za kupika zinafuta nusu saa ya kupoza.

Matundu: hapa kaa macho. Ukichukua poda na maji ya kawaida ya hiti kyua ukayapiga wati 500 kwa dakika 3, sehemu nyembamba zitatoka safi, zile nene zinaweza kujaa vitundu. Tumia akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya maikrowevu, au kama pleti ni nene shusha wati na uongeze muda. Rangi haina shida.

Muda na vifaa: dakika, umeme kidogo, chumba hakijai mvuke. Ila flaski ya shaba humo ndani haingii, chuma kinarudisha mawimbi, unahitaji flaski za plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ambazo ni ghali, ni nadra kwa wauzaji wetu, na zinapasuka ukizibana kwa presi kama ulivyozoea kubana ya shaba. Pleti zenye fremu ya chuma cha kromu kobalti mimi nisingeziingiza humo kabisa. Na maikrowevu ya maabara ibaki ya maabara, chakula kisiguse humo.

MWANGA

Hii haina unga na maji. Inakuja kama shiti laini ndani ya pakiti isiyopitisha mwanga, resini yake ni yurithani daimethakrileti pamoja na vichembe vya silika, unaikandamiza kwenye modeli kama udongo wa mfinyanzi halafu unaingiza kwenye chemba ya mwanga wa buluu. Imeingia sokoni miaka ya 1980.

Monoma: ile methili methakrileti, yaani monoma ya njia zile nyingine ambayo ndo inayosumbua wengi, haimo kabisa, na hii ni faida kubwa kwa mgonjwa mwenye aleji nayo. Isikufanye ulegee ukadhani haina madhara, resini yake ikiwa mbichi nayo inawasha ngozi, na uso uliogusana na hewa haukauki, unabaki unanata, ndo maana unapaka jeli ya kuzuia hewa kabla ya raundi ya mwisho.

Nguvu: ngumu ila ina ukavu, ikidondoka sinki inaweza kukatika pale ambapo hiti kyua ingenusurika. Meno yanahitaji gundi yake maalumu. Ukaaji ni mzuri, hakuna maji ya moto. Matundu yanatokana na hewa uliyoifungia mwenyewe ukiikunja shiti, na sehemu nene mwanga haufiki chini, kwa hiyo unapika kwa tabaka. Muda ni dakika chache, huhitaji flaski wala plasta ya ziada, ila chemba ni ghali na shiti zenyewe ni ghali. Mafundi wengi wanaitumia kwa trei za vipimo na bezi za muda, na hapo sioni mpinzani wake.

Kuhusu za kompyuta kwa ufupi, maana lazima mtauliza. Pleti ya kuchongwa na mashine inatoka kwenye diski iliyopikwa kiwandani kwa presha kubwa na joto, kusinyaa kote kumeshaisha kabla ya kuchongwa, kwa hiyo monoma ni kidogo na ukaaji ni mzuri sana, ile vita ya moto na kukunja kwa fundi haipo tena. Ya kuchapwa na printa ni jamaa wa njia ya mwanga, na ubora wake unategemea sana imeoshwa na kumaliziwa mwanga kwa umakini gani. Mtaji wake ndo mlima.

KWA HALI YAKO SASA

Unaanza maabara, mtaji mdogo, wateja wako wengi ni seti kamili za wazee ambao wakishavaa hutawaona miaka mitano: nunua flaski za shaba, kipimajoto kizuri na sufuria kubwa, pika hiti kyua ya muda mrefu. Na uwe na chupa moja ya koldi kyua kwa ripea, hizo mbili zinaishi pamoja bila shida.

Umeme wako hauaminiki na huna gesi: lile pishi fupi la jumla ya saa tatu ni salama kuliko la saa nane litakalokatika katikati. Kama una jenereta ndogo na unaweza kuagiza flaski zake, maikrowevu itakupunguzia presha sana.

Mgonjwa ameng'olewa meno leo na anataka asitoke bila meno kwa miezi michache wakati ufizi unapungua: koldi kyua kwenye presha, iloweke nyuzi 50, mwambie wazi kuwa ni ya muda. Hapa kung'ang'ania hiti kyua ni kumtoza hela ya kitu kitakacholegea hata kikipikwa vipi, maana ufizi wenyewe unahama.

Mgonjwa analalamika kuwaka moto mdomoni tangu apewe pleti: usikimbilie kusema aleji. Uliza kwanza ilipikwaje, mara nyingi ni monoma iliyobaki, fangasi, au pleti inayosugua. Ikithibitishwa na daktari kwamba ni aleji ya methili methakrileti, ndo uende kwenye mwanga au resini nyingine isiyo nayo.

Mtu anatafuna kwa nguvu, au ameshavunja pleti mbili katikati: hiti kyua, ikiwezekana ile iliyoongezewa raba kwa ajili ya kuhimili mshtuko, na kagua kama meno yanagongana sawa kwanza, kwa sababu kama hayagongani sawa hata ya tatu itapasuka pale pale.

We fundi mwenyewe ngozi ya vidole imeanza kupasuka: glavu za lateksi hazikusaidii, monoma inapita humo haraka. Usishike donge kwa mkono, tumia shiti ya plastiki katikati, fungua madirisha, na chupa iwe mbali na moto maana mvuke wake unawaka.

Na kama we ni mgonjwa au ndugu yake, muulize fundi imepikwa kwa njia gani na imepozwa kwa muda gani. Fundi anayejali hatakasirika, atakueleza. Ukipewa, iloweke kwenye maji safi usiku kucha kabla ya kuivaa mara ya kwanza, baada ya hapo kila usiku kwenye maji ya kawaida. Usiioshe kwa maji ya moto ya chai ukidhani unaua wadudu, itajikunja, na usiiache ikakauka kwenye kitambaa dirishani.